Usingoje Uwe Mkali Ndio Ukapimwe

Tangu niweke ile video ya abti yangu akipiga shabaha kule Kirigiti, mmeniuliza maswali mengi. Mengine sitayajibu, hasa ya wale mnaotaka kujua bastola inauzwa pesa ngapi. Hiyo peleka kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Mimi sina leseni, sina bastola, mimi nashika kamera tu. Lakini kuna swali moja limerudi mara nyingi, na linatoka kwa watu walio na leseni zao halali, walioanza mashindano juzi juzi: mtu mgeni aende kupimwa daraja lini? Aende mapema akiwa bado anatetemeka, ama angoje kwanza awe mkali?

Jibu langu umeshaliona pale juu. Lakini mimi mwenyewe sikuanza na hilo jibu. Nilianza na la upande ule mwingine, nikamshauri abti vibaya, na akapoteza karibu mwaka mzima. Kwa hivyo chukua chai yako, nikueleze yote.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu kwetu. Garissa bunduki si mchezo. Bunduki ni ya GSU, ya jeshi, ya polisi wa akiba, ama ni ya mtu ambaye unaomba Mungu msikutane njiani. Tarehe 2 Aprili 2015 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Alfajiri tuliamshwa na milio kutoka upande wa chuo kikuu, na ilipofika usiku tulikuwa tunajua kwamba watu wengi sana wameuawa. Hesabu ikaja kuwa 148, karibu wote wanafunzi. Sitaandika zaidi ya hapo. Nataka tu ujue kwamba abti aliponiambia, "Abti, lete kamera Jumapili, niko na mashindano ya bastola," nilidhani ananitania. (Kwa wasiojua, kwetu mjomba akikuita naye anakuita abti vilevile. Mnaitana jina moja.)

Abti ananunua mbuzi na ngamia soko la mifugo la Garissa na kuwauza Nairobi. Anakaa Eastleigh. Leseni alichukua zamani, enzi za kusafiri na pesa taslimu ndani ya gari, kabla biashara yote haijahamia kwa simu. Desemba 2018, waziri wa usalama wa wakati huo, Fred Matiang'i, alipoagiza raia wote wenye bunduki wapigwe msasa upya, abti alipanga foleni kama wengine, akatoa alama za vidole, akajibu maswali, akapita. Baadaye rafiki yake wa biashara akamwambia: kama unabeba hii kitu, basi jifunze kuitumia mbele ya watu wanaojua. Ndivyo alivyofika Kirigiti, Kiambu, kwenye mashindano ya IDPA.

Kwa ufupi, IDPA ni mchezo wa bastola ulioanzishwa Marekani mwaka 1996. Bastola inakaa kiunoni ndani ya ala, unavaa shati au koti la kuifunika, taima inalia, unachomoa na kupiga kadi za shabaha kwa utaratibu uliowekwa. Alama yako ni muda. Kila risasi iliyotoka nje ya katikati inakuongezea sekunde. Mwenye sekunde chache ndiye mshindi. Na washiriki wamegawanywa kwa madaraja: chini kabisa Novisi, halafu Maksmani, Shapshuta, Eksipati, Masta, na juu ya wote kuna Masta wa ngazi ya heshima. Lengo ni kwamba mgeni asishindane na mtu aliyepiga risasi kwa miaka 15. Unashindana na wa daraja lako.

Kujua daraja lako kuna mtihani. Mfupi wake una risasi 25 tu, kadi moja, umbali wa yadi 10, yaani kama mita 9. Una mikupuo minne. Wa kwanza, chomoa upige tano kwa mikono miwili. Wa pili, chomoa upige tano kwa mkono wako wa nguvu peke yake. Wa tatu, chomoa upige tano, bastola ikiisha badilisha magazini, upige tano zingine. Wa nne, nne za mwili na moja ya kichwa. Basi. Ukiondoa maelezo, ni kazi ya chini ya dakika moja. Kuna mtihani mrefu wa risasi 72 pia, lakini wageni wengi wanaanza na huu.

Abti alishiriki mashindano ya klabu karibu mwaka mzima bila kufanya huo mtihani wa dakika moja.

Mara ya kwanza alisema ala yake ni mbaya, anangoja nyingine. Mara ya pili alisema hajafanya mazoezi, amekuwa Garissa na ngamia. Mara ya tatu hakusema kitu, alifika tu saa tano wakati mtihani umeisha saa nne. Nikamuuliza ndani ya gari tukirudi. Akanijibu kwa sauti ya chini kidogo: "Abti, nikienda sasa wataniandika Novisi. Mtu wa miaka 46. Ngoja nikuwe mzuri kwanza."

Na mimi nikamwambia, "Sawa kabisa abti. Ngoja."

Najua kwa nini nilisema hivyo, na nadhani wengi wenu wa Kaskazini Mashariki mtaelewa. Sisi tumekua tukipimwa, na kila mara anayetupima anatafuta sababu ya kutukataa. Kitambulisho tu, kile ambacho mwenzako wa Nyeri anachukua kwa fomu moja, wewe ulikaa mbele ya kamati ya wazee na maafisa ukaulizwa babu wa babu yako alizikwa wapi. Msasa huo uliondolewa kwa agizo la Rais Februari 2025, lakini mimi na umri wangu tayari tulikuwa tumeshapita hapo. Kwenye daraja la Tana unashuka basi, unaonyesha kadi, unaangaliwa uso. Ukikua hivyo, neno "kupimwa" linakukaza tumbo. Unajifunza kwamba usiende mbele ya meza yoyote kabla karatasi zako zote hazijakamilika, kwa sababu hakuna nafasi ya pili.

Tabia hiyo inakusaidia ofisini. Kwa mchezo inakuua.

Aliyetuamsha ni mama mmoja afisa wa usalama pale kiwanjani, mtu wa maneno machache. Siku hiyo matokeo yalibandikwa, abti akawa wa 31 kati ya 38. Mbele ya jina lake, mahali pa daraja, kulikuwa na herufi mbili tu, UN, maana yake hana daraja. Abti akawa anasikitika kwamba amekuwa wa 31. Yule mama akamuuliza, "Mzee, umeshindwa na nani?" Abti akasema, na hawa wote 30. Mama akasema, "Hapana. Kati ya hao 30 kuna Masta wanne. Hao si wenzako. Lakini wenzako ni akina nani, hakuna anayejua, hata wewe. Mwaka mzima unakimbia mbio ambazo hujui ni za kilomita ngapi."

Abti alinyamaza mpaka tukafika Pangani. Halafu akasema, "Mwezi ujao nitapimwa."

Nilirekodi, lakini alinikataza kuiweka, na nimeheshimu. Ila ameniruhusu kuandika namba zake, kwa sababu namba ndizo somo lenyewe.

Mkupuo wa kwanza, mikono miwili: sekunde 6.2, na pointi moja tu ya adhabu. Si mbaya. Mkupuo wa pili, mkono mmoja: sekunde 8.9, na pointi 9. Risasi zilitawanyika kama mbuzi walioona fisi. Mkupuo wa tatu, ule wa kubadilisha magazini: sekunde 14.1, pointi 2. Magazini mpya iligoma kutoka mfukoni, halafu akaingiza ikiwa imegeuka. Mkupuo wa nne: sekunde 6.9, na ile risasi ya kichwa ikapita nje kabisa, pointi 5. Jumlisha muda, 36.1. Jumlisha pointi, 17, na kila pointi ni sekunde moja. Jumla 53.1. Novisi.

Sasa angalia vizuri. Kwa mwaka mzima abti alikuwa anafanya mazoezi ya kitu kimoja: kuchomoa haraka na kupiga kwa mikono miwili. Kwa nini? Kwa sababu hicho ndicho alikuwa anaweza, na mtu hupenda kurudia anachoweza. Kumbe sekunde zake hazikuwa zinapotelea huko. Zilikuwa zinapotelea kwa mkono mmoja na kwa magazini. Magazini peke yake unaweza kuifanyia mazoezi nyumbani bila hata risasi moja, bastola tupu, imekaguliwa mara mbili, mdomo umeelekea ukuta salama. Mwaka mzima ulikuwa umemficha jambo ambalo risasi 25 zilimwambia asubuhi moja.

Baada ya miezi minane alirudia mtihani. Jumla 36.2. Maksmani. Alinunulia kila mtu chai, hata yule mama, aliyesema tu, "Sasa karibu."

Basi, turudi kwa swali lenu. Lini?

Si siku ya kwanza. Hapo niko wazi kabisa, na wasee wa kiwanjani wamenisaidia kuweka hii orodha. Kabla ya kupimwa uwe tayari kwa mambo manne. Moja, unachomoa na kurudisha bastola kwenye ala bila kidole kugusa kifyatulio na bila mdomo wa bastola kupita kwa mguu wako au kwa mtu. Mbili, unabadilisha magazini huku bastola imeelekea kwenye shabaha, kidole nje. Tatu, umemaliza mashindano mawili au matatu ya klabu bila afisa kukupigia kelele ya usalama. Nne, ukiwa yadi 10 na muda wote duniani, risasi zako 25 zote zinagusa kadi. Hata polepole. Hata kama zimetawanyika.

Ukiwa na hayo manne, nenda. Mwezi huohuo. Usingoje ala mpya, usingoje bastola ya bei, usingoje mpaka uwe na kasi. Kasi si sharti la kupimwa. Kasi ni kitu ambacho kipimo kitakuambia uko nacho ama huna.

Na ukikosa hata moja ya hayo manne, usiende, kwa sababu taima ikilia mikono inafanya vitu ambavyo kichwa hakijaagiza. Ukiangusha bastola yenye risasi, unatolewa mashindano siku hiyo, hakuna mjadala. Hii si aibu ya daraja. Hii ni maisha ya mtu. Sisi wa Garissa hatuhitaji kufundishwa hiyo mara mbili.

Kuna watu wanapinga, na wana hoja. Wa kwanza wanasema: risasi ni ghali, mgeni azitumie kwa mazoezi. Sawa, lakini mtihani ni risasi 25. Abti alikuwa anazimaliza hizo kabla hajapata joto, akifanya mazoezi ya kitu ambacho hakikuwa tatizo lake. Kama risasi ni ghali, hiyo ndiyo sababu ya kujua mapema uzitumie wapi.

Wa pili wanasema: ukipimwa mapema utapewa daraja la chini, halafu utashinda kombe la watu dhaifu, hiyo ni kudanganya. Hapana. Kudanganya ni kupiga vibaya makusudi ili ubaki chini. Ukipiga kadiri ya uwezo wako wote, ukawa Novisi, wewe ni Novisi. Ukianza kuwapita wenzako, utapandishwa. Na kwa kawaida daraja likishapanda halishuki, kwa hivyo huwezi kujificha chini milele.

Wa tatu ndio wenye hoja nzito zaidi. Wanasema watu wakishapewa daraja wanaanza kuishi kwa ajili ya mtihani. Wanarudia ile mikupuo minne mpaka wanaijua kama sala, lakini ukiwaweka kwenye mashindano yenye kutembea, kujificha nyuma ya ukuta na kuamua upi uanze, wanachanganyikiwa. Hii ni kweli. Mtihani mfupi unakupima umesimama mahali pamoja. Haupimi akili yako ukiwa mbioni. Ndiyo maana kule Marekani mchezo mwingine wa bastola, USPSA, haukupi daraja kwa mtihani mmoja. Unahitaji matokeo manne ndipo upewe herufi yako ya kwanza. Kwa hivyo chukua daraja kama unavyochukua kipimo cha uzito hospitalini. Kinakuambia kitu kimoja cha kweli, hakikuambii kama wewe ni mtu mzuri. Ukishakisoma, rudi kazini.

Sasa kuna sehemu ya hii stori ambayo nilikuwa nimepanga kuiacha.

Siku abti alipoandikwa Novisi, tukiwa njiani kurudi Eastleigh, alikuwa na furaha ambayo sikuielewa. Anaimba. Nikamuuliza, kwani umefurahia nini, si umekuwa wa chini? Akasema, "Abti, mwaka mzima nilikuwa naogopa hilo neno. Leo wameniambia, na bado niko na miguu miwili." Halafu akanigeukia. "Na wewe? Ile shule yako, ilikuwa karo kweli?"

Wengi wenu mnanifuata mkijua niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Nimesema hivyo kwa video si chini ya tatu. Karo ilikuwa shida kweli, siwezi kukana. Lakini si karo iliyonitoa. Nilikuwa na somo la takwimu ambalo sikulielewa. Mtihani mdogo wa kwanza sikwenda, nikajiambia ngoja nisome vizuri nitafanya wa pili. Wa pili sikwenda. Ikafika mitihani ya mwisho wa muhula, na sasa yalikuwa masomo mawili ambayo nayaogopa, sikwenda yote mawili. Baada ya hapo kurudi darasani kukawa kugumu kuliko kutorudi. Karo ilikuja baadaye, na kusema kweli niliipokea kama mtu aliyepata kisingizio kizuri. Hakuna aliyenifukuza. Sikufeli. Sikungoja kufeli.

Hooyo bado anawaambia majirani Bulla Iftin kwamba niko likizo ndefu.

Wiki iliyopita niliingia kwenye potali ya wanafunzi, mara ya kwanza baada ya karibu miaka miwili. Sikujua kama nywila bado inafanya kazi. Inafanya. Muhula ule nilisajili masomo saba. Matano yana alama. Manne nimepita, moja ambalo niliapa nimeanguka nina C. La tano nimeanguka, E, imeandikwa wazi. Na ile E, wallahi, haikuniuma vile nilivyofikiri. Niliiangalia nikaona mahali nilipokosea, hata nikakumbuka swali lenyewe.

Kilichoniuma ni yale mawili. Mbele yake hakuna kitu. Si E, si sifuri, ni mstari tu. Kama zile herufi mbili mbele ya jina la abti.

Sijaamua kama nitarudi. Sitaki kuwadanganya kwamba hii imeisha na mimi nikivaa joho. Kazi hii ya video naipenda na inanilisha siku nyingine, siku zingine hapana. Lakini nimeandika barua pepe kuuliza kama yale masomo mawili yanaweza kufanywa bila kuanza mwaka upya. Nimeuliza tu. Wakisema hapana, nitakuwa nimeambiwa hapana, na bado nitakuwa na miguu miwili.

Kwa nyinyi wenye leseni mlioniuliza swali: abti anapiga tena Jumapili ya mwisho wa mwezi, na asubuhi kabla ya mashindano kuna mtihani wa daraja. Yale mambo manne ukiwa nayo, fika saa moja unusu. Beba maji, kofia, vizibo vya masikio na miwani. Usifike saa tano kama abti.

Na hooyo, kama kuna mtu amekusomea hii, nitakupigia leo jioni kabla ya magharibi. Usiwaambie majirani chochote kwanza.